Sifa za Bwana Tope, Msimamizi wa Mashindano

Kila mwaka kisiwa cha Man, kilicho kati ya Uingereza na Ireland, hufunga barabara zake kupisha mbio za pikipiki zilizoanza mwaka 1907. Mzunguko mmoja ni kilomita 60 na ushee, na hakuna injini inayonguruma mpaka mamia ya watu wa kujitolea wajipange kona kwa kona, bendera mkononi. Muleba hatuna haja ya usumbufu huo. Mvua ikinyesha Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri uwanja uko tayari, na msimamizi ni mmoja tu: Bwana Tope.

Nasaba yake si ya kubeza. Kwa mama ni mjukuu wa Ziwa Victoria, linaloichotea Bukoba mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa baba ni udongo mwekundu wa vilima vya Ihangiro. Masika yuko kazini, vuli yuko kazini. Hadai posho ya kikao wala nauli ya kufika eneo la tukio.

Kazi yake ya kwanza ni ukaguzi. Kwa wenzetu, mafundi huikagua pikipiki kabla ya mbio: breki, tairi, cheni. Bwana Tope hukagua palepale mlimani. Tairi kipara hulitambua kabla dereva hajabadili gia. Breki iliyofungwa kwa waya huitolea taarifa mbele ya abiria. Na aliyepakia mishikaki, baba, mama na mtoto kati, huwateremsha wote bila kuandika faini.

Kazi ya pili ni usalama. Kwenye viwanja vya mbio za lami, nje ya kona humwagwa kokoto ili anayetoka njiani apungue kasi. Bwana Tope ni mkarimu zaidi: amejimwaga katikati ya njia, ahudumie hata wale ambao hawajakosea.

Mtazame dereva anayetoka Nshamba na mikungu miwili ya ndizi. Gurudumu la mbele limegoma. Tope limeshindiliwa kati ya tairi na madigadi mpaka halizunguki. Anashuka, anaokota kijiti kando ya kibanja, anachokoa, mikungu imeinama upande mmoja, miguu imezama hadi vifundoni. Mara linatokea gari la mheshimiwa, vioo juu, nalo linanasa hatua tatu nyuma yake. "Waitu, shuka tusukume," dereva wa pikipiki anamwambia mheshimiwa, naye anashuka, viatu mkononi. Nitajieni kamati ya mashindano iliyowahi kuwapanga hawa wawili mstari mmoja.

Wapo wanaoipenda lami ya barabara kuu iendayo Biharamulo. Sawa, lakini lami humpa kijana mwendo asioweza kuurudisha. Anayeanguka kwa Bwana Tope huinuka na nguo chafu na kicheko cha watu wa kijiweni. Anayeanguka kwenye lami huamkia wodini, akiamka. Tena Bwana Tope analisha wengi: anayesukuma hulipwa, anayeosha pikipiki mtoni hulipwa, fundi wa klachi hulipwa mara mbili.

Wasiomsifu hawakosekani. Mama mwenye uchungu anayekimbizwa hospitali ya Rubya saa nane za usiku hana hamu ya mashindano. Mkulima ambaye kahawa yake imelala njiani hajali nani kashinda. Hao tuwajibu kwa adabu kwamba katika kila mbio lazima awepo wa mwisho.

Ila namwonea Bwana Tope huruma kwa jambo moja. Adui yake si greda wala lami ya mabilioni. Ni mtaro ulio wazi, kitu kinachochimbwa kwa jembe na koleo. Maji yakipata pa kwenda, Bwana Tope hamalizi siku. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Muleba, kama kweli tunampenda msimamizi wetu, tuendelee kama tulivyozoea: taka zitupwe mtaroni, migomba ipandwe mpaka ukingoni mwa barabara, na siku ya msaragambo kila mtu awe na safari.