Msimbazi Mmoja, Njia Saba

Sheria za mchezo ni chache. Una noti moja ya elfu kumi, ile nyekundu ambayo Dar es Salaam nzima inaiita msimbazi, hata kwenye nyumba za Yanga. Una jioni zako na wikiendi, maana kazi ya mchana huiachi. Hukopi, hasa kwa wale wa kausha damu. Na huruhusiwi kumpigia simu shemeji. Mwezi ukiisha tunahesabu. Tunaanzia kwenye aibu, tunapanda.

7. Mkeka

Ulishautaja moyoni, nimekusikia. Timu kumi na mbili, na malipo ya kutosha kununua kiwanja Chanika. Kumi na moja zinashinda. Ya kumi na mbili, klabu ya Ulaya ambayo jina lake hujui hata kulitamka, inarudishiwa bao dakika ya tisini. Mkeka umechanika. Hii si biashara ya pembeni, ni sadaka isiyo na thawabu.

6. Kupanda mbegu

Siyo mbegu za mchicha. Mchicha una heshima yake, unaota. Nasema ile ya kundi la simu: weka elfu kumi leo, vuna elfu thelathini Ijumaa, na picha ya gari jeupe juu yake. Wakubwa wanaikumbuka DECI, watu walipanda na kuvuna kwa msemo huohuo mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Michezo ya namna hii haina siri: aliyetangulia analipwa kwa hela ya aliyechelewa, na wachelewaji wakiisha, hela nayo imeisha. Afadhali yule wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Yeye angalau hakuahidi faida.

5. Barafu za ukwaju

Ukwaju, sukari, maji safi, vifuko. Kwenye karatasi, biashara safi kabisa. Halafu inakuja habari ya friji. Huna. Anayo shemeji, na tumekubaliana humpigii.

4. Mitumba ya Karume

Hapa sasa tunaanza kuongea. Unadamka Jumamosi, unafika Karume belo zikifunguliwa, unagombania blauzi na watu wenye viwiko vilivyokomaa. Ukichelewa unakuta mafungu ya “buku, buku!” ambayo yameshapitiwa na mikono ya nusu ya Ilala. Tuseme umeokota blauzi nne za elfu mbili mbili, nauli imekula iliyobaki. Unafua, unapiga pasi, unazitundika mlangoni, unapiga picha, unaweka status. Elfu sita moja.

Wateja wanakuja haraka sana, hilo halina ubishi. “Dada, mwisho ngapi?” “Niwekee hiyo ya kijani, usimpe mtu.” “Nichukue leo, nikulipe mshahara ukitoka?” Unampa, kwa sababu mnakaa meza jirani. Wiki ya pili unaiona faida yako ikipita koridoni, imevaliwa na mtu wa uhasibu, na imempendeza. Blauzi ya nne hukuiuza kabisa. Umeivaa wewe.

Na hapo hujapanga chini barabarani. Serikali ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo mwishoni mwa mwaka 2018, kimoja kilitolewa kwa shilingi 20,000. Yaani kitambulisho tu kilikuwa mara mbili ya mtaji wetu.

3. Upatu

Watu kumi, buku kila siku kwa kila mmoja, kijumbe anapita jioni na daftari lake. Utaniambia upatu hauzalishi, unaingiza elfu kumi na kutoa elfu kumi ileile. Kweli. Lakini kibubu kina tundu, na wewe una kisu. Kijumbe hana tundu. Nimeuweka nafasi ya tatu kwa kazi hiyo moja: kuilinda faida isiliwe na mwenyewe. Masharti: mjue kijumbe kwake, mjue na mumewe.

2. Usiiguse

Tina Seelig, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, aliwahi kuwapa wanafunzi wake dola 5 kwa kila kundi na saa mbili za kuzizalisha. Kundi moja lilikaa na pampu kuwapimia watu upepo kwenye matairi ya baiskeli. Walioshinda, hizo dola 5 hawakuzigusa. Walikuwa na dakika tatu za kuzungumza mbele ya darasa, wakaziuza kwa kampuni iliyokuwa ikitafuta vijana wa kuajiri. Dola 650.

Darasa la Stanford hatuna. Ila mtaani kwako kuna kijana anayehangaika na maombi ya Bodi ya Mikopo, mfumo umemtoa mara tatu na cheti hakijapakiwa. Kuna mama ambaye mwanawe ana mtihani wa darasa la nne na hesabu za kugawanya zimegoma. Kuna kichwa cha kusuka. Elfu kumi inakaa mfukoni, labda inatoka ya bando. Ugumu wake ni mmoja tu: kumtajia jirani bei bila kuangalia chini.

1. Mayai ya kuchemsha

Cheka tu. Tuseme trei ya mayai thelathini umeipata elfu tisa. Buku iliyobaki ni nyanya, kitunguu, pilipili na chumvi. Saa kumi na mbili jioni unasimama mahali watu wanaposubiri, kituo cha daladala au kijiwe cha bodaboda. Yai unalimenya mteja akikuangalia, unalipasua katikati bila kulitenganisha, unajaza kachumbari, unamalizia kwa chumvi ya pilipili. Jero. Mawili yamepasuka kwenye sufuria, kwa hiyo umeuza 28: elfu kumi na nne. Hakuna wa kukuambia atalipa mshahara ukitoka. Yai likishaliwa, hela inatolewa.

Faida ni asilimia 40 kwa jioni moja, na hapa ndipo wengi huchukua kikokotoo. Ukiizidisha hivyo siku thelathini mfululizo, unapata zaidi ya shilingi milioni 240. Kikokotoo hakidanganyi, ila hakijawahi kusimama kituoni. Kijiwe chako kina matumbo ya mayai sitini kwa jioni, ukipeleka trei ya tatu unarudi nayo, na watoto wako watakula mayai mpaka Jumapili. Kwa hiyo ukishafika trei mbili simama hapo, na faida ya kila siku mpe kijumbe.

Trei mbili zinaacha elfu nane kwa jioni, mguu wako mwenyewe, bila nauli. Hiyo ndiyo namba moja yangu. Mwenye njia bora zaidi alete hesabu, asilete picha ya gari.