Mwili, Awamu ya Pili

Baba yangu alijenga nyumba Tanga kwa miaka 14 bila kumwonyesha mtu yeyote karatasi. Mwaka akipata, tofali. Mwaka akikosa, majani yanaota kwenye msingi na mbuzi wa jirani wananenepa. Kwa hiyo zamu yangu ilipofika, hapa Houston, nilijua shughuli ya nyumba ina hatua mbili tu: unaipenda, kisha unahangaika.

Kuipenda, tuliipenda Jumapili moja baada ya ibada, huko Katy. Dola 289,000, milango wazi, anayetaka kuangalia anaingia. Mke wangu alisimama jikoni mbele ya ile kaunta kubwa ya katikati wanayoiita kisiwa, akaipapasa kama anayechagua khanga. Kabla hatujapanda ghorofani alikuwa ameshampigia mama yake Korogwe kwa video, na mama mkwe ameshachagua chumba. Chenye dirisha la mashariki. Hapendi jua la jioni.

Dalali, mama mmoja nadhifu mwenye meno yaliyopangwa kama piano, akatuuliza swali moja tu: barua ya benki mnayo?

Kwetu dalali hudai hela ya usumbufu kabla hajakuonyesha hata banda la kuku, kwa hiyo sikushangaa kwamba na huyu ana masharti yake. Tena barua nilikuwa nayo! Ilikuja kwa posta miezi kadhaa nyuma, karatasi nzito, jina langu limeandikwa bila kukosewa hata herufi, na juu kwa maandishi makubwa: umeidhinishwa awali. Nilikuwa nimeitunza kwenye droo ya gari pamoja na bima. Nikaenda kuichukua kwa mwendo wa mtu mwenye nyumba.

Aliisoma mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole, upole ule wa daktari, kwamba hii ni ya kadi ya mkopo. Na muda wake umepita.

Mke wangu akaondoa mkono kwenye kisiwa.

Kumbe wenzetu huanzia benki. Afisa mikopo anapekua mshahara, madeni na akiba, anachungulia alama zako za mkopo, ambazo huanzia 300 na kuishia 850, ndipo anakuandikia barua ya idhini ya awali: huyu tunaweza kumkopesha mpaka kiasi hiki. Si ahadi ya mwisho, na nyingi huisha nguvu baada ya siku 60 au 90, lakini bila hiyo muuzaji anakuona mtalii.

Afisa wetu alikuwa dada mchangamfu ambaye mpaka leo sijamwona uso. Akataka fomu za mapato za miaka miwili, hati za mshahara za siku 30, na taarifa za benki za miezi miwili. Alama zangu zikatoka 704, nikatembea nyumbani siku nzima kama mtoto aliyefaulu darasa la saba.

"Na hili deni la gari, dola 612 kwa mwezi?"

Hilo la shemeji, nikamwambia. Mimi nilimdhamini tu.

"Analipa yeye?"

Analipa.

"Una ushahidi wa miezi 12, kutoka kwenye akaunti yake?"

Shemeji huniletea taslimu. Mwezi akipungukiwa, huongezea samaki. Basi deni likahesabiwa langu lote, na samaki hawakuhesabiwa kabisa.

Lakini hayo yalikuwa mapitio. Mtihani wenyewe ulikuja kwa barua pepe yenye jedwali.

Lazima nieleze kwamba mimi ni mweka hazina wa jumuiya yetu. Cheo hiki sikukigombea. Nilichelewa mkutanoni nikakuta nimeshachaguliwa. Jumuiya haina akaunti (kamati ya kufungua akaunti ipo, ila haijapata akidi), kwa hiyo fedha hupita kwangu. Na katika miezi miwili ileile tulikuwa tumefiwa, na marehemu alitakiwa kurudishwa Mwanza. Michango ikaingia kwa simu usiku na mchana. Wengine walileta taslimu kwenye bahasha, nikaziweka benki Jumatatu, dola 6,400. Alhamisi zikatoka dola 9,150 kwa mkupuo.

Dada wa watu alikuwa amepitisha maelezo ya miamala kwenye programu ya kutafsiri. Naomba ufafanuzi, aliandika, wa yafuatayo. Dola 300: "mwili". Dola 200: "mwili awamu ya pili". Dola 50: "mwili, nyingine mwisho wa mwezi". Dola 100, kutoka kwa mwalimu wa kwaya: "nimemaliza deni la mwili sasa naomba amani".

Nikampigia haraka kabla hajampigia mtu mwingine.

Alielewa msiba, akanipa pole ya dhati. Tatizo lake lilikuwa safu ya kujaza. Kama fedha hizi ni zawadi, akasema, kila aliyetoa asaini barua kwamba hatarajii kurudishiwa. Nikacheka peke yangu. Nani katika jumuiya yetu atasaini hiyo? Mchango umeandikwa daftarini. Siku akifiwa yeye, ukurasa wangu utafunguliwa.

"Basi ni mkopo."

Hapana. Asipofiwa, hadai.

Kimya kidogo.

"Kwa hiyo mnachanga, na anayefiwa ndiye analipwa. Hiyo ni bima."

Nikaona naelekea kukiri kwamba naendesha kampuni ya bima bila leseni kutoka sebuleni kwangu. Nikasema nitatuma daftari.

Nikapiga picha kurasa tisa, pamoja na risiti ya nyumba ya mazishi na barua yangu ya maelezo. Akakubali: fedha zile si zangu. Akaziondoa. Tulipoangalia kilichobaki baada ya kuondoa za watu, mimi na mke wangu hatukusemeshana mpaka saa ya chakula. Tulikuwa tumepanga kuchukua mkopo wa FHA, ule wenye dhamana ya serikali, unaotaka malipo ya awali ya asilimia 3.5, yaani dola 10,115 kwa nyumba ya kisiwa. Tena miaka yote nilikuwa nasifia Texas kwa kutotoza kodi ya mapato ya jimbo. Wanakusubiri kwenye nyumba: kodi ya majengo peke yake, kwa ile ya Katy, ilizidi dola 500 kwa mwezi.

Barua ikaja. Dola 231,000. Ya Katy ilishauzwa zamani, na mama mkwe bado anaulizia chumba chake. Sasa tunazungukia nyumba za kipimo chetu. Jikoni hakuna kisiwa, ingawa maji yapo.

Dada alitupa onyo moja: mpaka mpate funguo, msikope kitu, wala isiingie benki fedha isiyo na maelezo. Siku ya kumi na moja ya barua, mwenyekiti akaandika kwenye kundi la WhatsApp. Kuna arusi, na kamati imeona mweka hazina awe yuleyule, maana kwenye msiba alifanya vizuri.

Nikaandika: Mzee, shikamoo. Nisameheni safari hii. Natafuta nyumba, benki imenizuia kupokea michango.

Dakika mbili.

"Marahaba. Yaani unahangaika na nyumba na hutuambii? Pole sana ndugu yetu. Namba ni ileile?"

Nilikuwa bado naandika hapana simu ilipolia. Dola 50 zimeingia, kutoka kwa mwalimu wa kwaya. Maelezo: "nyumba awamu ya kwanza".