Mbuzi wa Silinda Sita Kwenye Gunia

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuamua. Dola zake ziko mfuko wa ndani, mzigo wake wa mchele unasubiri kupelekwa Kalima, na shemeji amemwambia kuna Land Cruiser pikapu huko Mikelenge, mtaa wa mji wetu wa Kindu mkoani Maniema, mwenyewe anaiuza kwa sababu anasafiri. Mtu huyu hana haja ya kufundishwa uangalifu. Waangalifu wengi wa Kindu bado wanakodi. Anachotaka ni kuuziwa bila usumbufu, na kwa hilo ziko njia zilizojaribiwa.

Anza na rangi. Pikapu nyeupe ilikuwa ya ONG, shirika la misaada, na gari la ONG haliwezi kuwa bovu. Imani hii ina mzizi wake. Kwa miaka mingi kampuni ya Toyota Gibraltar Stockholdings imekuwa ikiyauzia mashirika ya misaada na ya Umoja wa Mataifa Land Cruiser za namna hii hii, nyeupe, zenye injini ya dizeli isiyo na makuu, na mradi ukifungwa magari huuzwa. Dereva wa shirika huwa na daftari la safari. Servisi inafuata kilomita, oili inamwagwa kabla haijawa lami. Basi gari jeupe linaweza kweli kuwa limetoka kwenye mikono mizuri. Lakini kopo la rangi nyeupe nalo linauzwa mjini, na halina daftari. Wewe usiulize daftari. Ukiona mlangoni alama ya stika iliyobanduliwa, ridhika, hata kama umbo lake linafanana zaidi na chupa ya bia kuliko nembo ya watoto wakimbizi.

Hapo komisioneri, yaani dalali, atajitokeza, maana gari halijiuzi lenyewe. Atafungua boneti, atapiga kofi kwenye fenda na kusema: "Baba, hii ni wani-ashi-zedi. Motere haijafunguliwaka hata siku moja." Mjibu, "Asante, mwanangu," na usiiname.

Ukiinama utaharibu biashara. Injini ambayo haijawahi kufunguliwa ina boliti zilizolala na vumbi na kutu yake, pembe zote sita butu kwa rangi ileile. Iliyofunguliwa ina boliti zilizong'arishwa na spana, na kwenye maungio mara nyingi hutokeza utepe mwembamba wa silikoni nyekundu, umetoka nje kama ulimi. Kufunguliwa si dhambi, fundi mzuri huifungua injini na kuirudisha ikawa nzima. Kinachouma ni kauli ya "hata siku moja" kusimama sentimita ishirini kutoka kwenye silikoni mbichi.

Sasa hiyo 1HZ yenyewe. Ni injini ya Toyota iliyoanza mwaka 1990: silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,163, haina turbo, na kazi ya kupima mafuta inafanywa na pampu ya chuma, si kompyuta. Nguvu zake ni kama farasi 130, idadi ambayo magari mengi ya familia huko Ulaya yanaizidi bila jasho. Kwa ukubwa wa lita nne na ushei huo ni uvivu mtupu, na uvivu huo ndio maisha yake marefu. Haivuti pumzi kwa nguvu, haipandi joto ovyo, inakula mazutu, yaani dizeli, ya kila namna, na fundi aliyejifunza chini ya mwembe anaweza kuirekebisha kwa spana na masikio. Ndiyo maana ikapendwa kuanzia Darfur hadi Kasongo. Na ndiyo maana kila kitu chenye boneti ndefu hapa kwetu kinaitwa 1HZ.

Kuna kibati kidogo cha chuma ndani ya boneti, kimeandikwa aina ya gari na aina ya injini. Kibati hiki ni mchonganishi. Kikianza na HZJ, gari lilizaliwa na 1HZ. HDJ ni dizeli ya turbo, nzuri lakini ya gharama. FZJ na GRJ ni za petroli, na esansi ya kuzilisha hadi Kalima na kurudi itakula faida ya mchele wote. VDJ ni ya silinda nane, lita 4.5, turbo, sindano za umeme. Ni gari la waziri anayebebewa mafuta na wengine. Herufi tatu tu, na zingekuokolea maelfu ya dola, kwa hiyo mwombe komisioneri asimame mbele ya kibati hicho muda wote. Mara nyingi atakuwa tayari amesimama hapo.

Hata 1HZ halisi ina siri moja ambayo wasifu wake hausemi kwa sauti: inategemea mkanda wa mpira. Mkanda huo ndio unaooanisha mwendo wa pistoni na wa valvu, na kiwanda kinataka ubadilishwe kila baada ya kilomita 100,000 au 150,000, kutegemea soko. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, ambayo huwaka ukifika wakati. Mkanda ukikatika, pistoni na valvu zinakutana, na hazikutani kwa salamu. Kwa mnunuzi asiyetaka usumbufu ninashauri hivi: ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa zote zinapaswa kuwaka kwanza kisha zizime. Taa ya T-BELT isipowaka kabisa, usifikiri kuna mtu aliyetoa balbu. Sema, "Loo, hii haina deni."

Nissan Patrol yenye TD42 haina mkanda huo. Ina meno ya chuma yanayosukumana, na kwa lita zake 4.2 inavumilia mateso kama 1HZ au zaidi. Usiitaje mbele ya komisioneri. Kindu ni mji wa Toyota, na atakuuliza spea utazitoa wapi, swali ambalo ni la haki, na ambalo hataki uliulize kwa gari lake.

Ukikuta 1HZ iliyoongezewa turbo na mjuzi fulani, lipa zaidi. Itapanda kilima kama swala. Chumba kidogo cha kuanzia moto ndani ya hedi yake hakikutengenezwa kwa presha hiyo, joto litaongezeka, na hedi itapasuka mahali fulani. Mahali gani, hilo halitakuwa tatizo la muuzaji.

Au labda unataka kitu cha kisasa. Hilux yenye 1KD, lita 3.0, ni injini nzuri sana, imezunguka dunia nzima, ina nguvu kuliko 1HZ na inakula kidogo. Sindano zake hurusha mafuta kwa presha inayopita bar 1,000, kupitia vitundu vyembamba ambavyo jicho haliwezi kuvipima. Sasa chukua mashine hiyo ya usonara uipeleke kwa Kadhafi wa kando ya barabara, yule kijana mwenye meza ya chupa na bidoni za njano. Mazutu yake yamefika Kindu kwa lori, kwa treni au kwa boti, yamemiminwa kutoka pipa hadi pipa, yamenyeshewa, na kila aliyeyashika njiani alikuwa na familia ya kulisha. Yatie kwenye chupa safi ya kioo, yaache yatulie: mara nyingine utaona mstari, mazutu juu, maji chini. 1HZ itakohoa, itatoa moshi, utafungua filta, utamwaga maji, utaendelea. Sindano ya 1KD ikishaonja maji na mchanga haikohoi. Inakufa, na bei ya sindano nne mpya utaitajiwa kwa simu kutoka mbali, ukiwa umekaa. Mnunuzi wa kweli hapimi mafuta ya mji wake. Ananunua injini kwa kusoma sifa zake zilizoandikwa na watu wanaojaza tangi Yokohama.

Nisimsahau ndugu wa Texas. Kila ukoo unaye mmoja, na kila mmoja ameshafikiria kutuma Ford F-250. Gari lina kifua, lina sauti, kwenye picha linaziba nyumba ya jirani. Kama ni la kati ya 2003 na 2007 na lina dizeli ya lita 6.0, Wamarekani wenyewe watakueleza habari za gasketi za hedi na kipoza moshi chake kwa huzuni ya watu waliofiwa. Ajabu ni kwamba injini wanayoisifu wao kwa wao ni Cummins ya lita 5.9 ya kabla ya 1998, ile ya valvu kumi na mbili: silinda sita kwenye mstari, pampu ya chuma, hakuna kompyuta. Wamezunguka bahari yote wakafikia tulipo. Lakini 5.9 haina fundi wala filta hapa Maniema, hivyo mwambie ndugu atume hiyo pia.

Kuhusu spea, tulia. Kindu ni kichwa cha reli. Mabehewa ya kampuni ya reli, SNCC, yanapanda kutoka Kongolo na Kabalo, na huko yanaungana na Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika na Lubumbashi kusini. Kwenye ramani ni jambo zuri mno. Kitu kilichonunuliwa Dar es Salaam kinavuka Tanzania hadi Kigoma, kinavuka ziwa hadi Kalemie, kinapanda treni, kinashuka kwako. Siku ya kufika haijaandikwa kwenye ramani. Ukiwa na haraka kuna ndege, na silinda hedi ya injini ya silinda sita ni mzigo ambao mpimaji wa uwanja wa ndege hawezi kuuona kama mkoba. Hesabu hizi zinafaa kufanywa kabla ya kuchagua injini: kipi kitakufa kwanza, kinapatikana wapi, kitafika lini, nani atakifunga. Anayezifanya huishia na 1HZ ya kuchakaa yenye mashimo kwenye bodi na akawa anafika Kalima kila wiki, jambo lisilopendeza hata kidogo kwenye picha.

Siku ya kwenda kuona gari, nenda adhuhuri. Muuzaji atakuwa ameliendesha asubuhi nzima "kulinyoosha miguu". Injini ya dizeli iliyochoka huumbuka ikiwa baridi: stata inazunguka na kuzunguka, inashika kwa silinda nne, moshi mweupe unajaza uwanja, kisha wa bluu wa kuchoma oili. Ikishapata moto hujirekebisha na kunguruma kama imam mstaafu. Mtu mkorofi angefika saa kumi na mbili asubuhi bila kuaga na kuweka kiganja kwenye bloku kabla ya kitu chochote. Angefungua kifuniko cha rejeta kikiwa baridi aone kama maji yana utando wa mafuta. Angeiwasha, afungue kifuniko cha oili juu ya injini, na kama moshi unapiga kutoka humo kwa mapigo angejua ringi zimekwisha. Angevuta kijiti cha oili, apake tone kati ya vidole viwili, ahisi kama limekuwa zito kupita kiasi, maana oili ya gia iliyochanganywa humo huficha moshi na kelele kwa muda wa kutosha kutia saini. Na fundi angekuja naye mwenyewe, amemlipa kabla, awe na faida sawa gari likinunuliwa au lisiponunuliwa. Wewe tumia fundi wa muuzaji. Yuko pale pale, anaijua injini, na amekwisha kuoga.

Baadaye kuna malipo, na hapo ndipo utashuhudia ukaguzi wa kweli. Muuzaji aliyekuzuia kugusa rejeta kwa sababu "sisi ni ndugu" atazichukua noti zako za dola mia moja, mojamoja. Atazielekeza juani. Atapitisha ukucha kwenye kola ya Franklin kusikia kama inakwaruza. Atazipekua pembe, atauliza mwaka wa kuchapishwa, na akikuta mpasuko mdogo kama punje ya mtama ukingoni atairudisha. "Baba, hii haitembei." Na kweli, Kongo nzima noti iliyochanika haitembei.

Itabidi uende kwa mbadilishaji, akukate dola kadhaa kwa ajili ya mpasuko, upige na foleni. Kwa muda huo injini itakuwa imeanza kupoa, na hiyo ndiyo nafasi pekee utakayopewa ya kuisikia ikiwaka baridi. Muuzaji analijua hilo kuliko wewe. Ukirudi utamkuta ameketi kwenye usukani, mguu kwenye mafuta, injini inanguruma.

"Nilikuwa nakuwashia, Baba, usichelewe kuvuka mto kwenda Alunguli."

Mshukuru, umpe ile noti mpya. Ataielekeza juani.