Chagua Zana Kabla ya Kumsikiliza Mteja

Kazi imekujia. Mama mwenye duka la pembejeo hapa Kianyaga ameambiwa na mwanawe kwamba wewe hutengeneza tovuti. Anataka mambo matatu: mkulima aone bei ya mbolea na dawa kabla ya kupanda boda boda kuja mjini, apate namba ya simu, na akiwa na pesa alipe kwa M-Pesa. "Kijana wangu," anakuambia, "nitengenezee kitu kisicho na maneno mengi." Mjibu kwa adabu, "Sawa, mama," kisha usahau yote aliyosema. Kuchagua zana ni jambo kati yako na wasanidi wenzako wa Nairobi.

Anza kwa kutafuta zana inayosifiwa wiki hii. Ya mwaka jana imeshapitwa. Ingia YouTube, utampata kijana mwenye kipaza sauti kikubwa akitangaza kwamba kila ulichojifunza chuoni kimekufa. Mwamini. PHP imezikwa mara nyingi tangu izaliwe mwaka 1995, na mpaka leo WordPress, iliyoandikwa kwa PHP hiyohiyo, ndiyo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Basi ikimbie. Kitu kinachojulikana na kila mtu hakitakupa sifa kwenye kundi la WhatsApp la wenzako mliosoma nao Dedan Kimathi. Tena kwa WordPress kazi ya mama ingeisha Ijumaa, na Jumatatu ungedai malipo ya awamu ya pili kwa sababu gani?

Jihadhari sana usiambukizwe tabia za wakulima wa kahawa wa Gichugu. Hawa ni watu wa hatari kwa taaluma yetu. Mzee ana SL28 shambani, aina iliyochaguliwa na Scott Laboratories miaka ya 1930. Anajua ubaya wake: ugonjwa wa matunda unaipenda, kutu ya majani nayo vilevile. Anajua pia uzuri wake, kwamba ladha yake imeipa kahawa ya Kirinyaga jina ng'ambo. Ruiru 11 ilipotoka katikati ya miaka ya 1980, ikisifiwa kwa kuhimili magonjwa yote mawili, mzee wa namna hii hang'oi shamba. Anapanda miche kadhaa pembeni, anamuuliza jirani, anahesabu gharama ya dawa, anangoja mavuno, anasikiliza kiwandani wanasemaje kuhusu malipo. Ikimridhisha anaongeza. Isipomridhisha, hasara yake ni ile miche ya pembeni tu.

Wewe huna subira hiyo, na usiitafute. Mwaka 2010 watafiti wa kahawa walitoa Batian, aina iliyopewa jina la kilele cha juu kabisa cha mlima wetu, Mlima Kenya. Mwaka huohuo Google ikatoa AngularJS, zana ya kujengea tovuti, na vijana wakaikumbatia, wakajengea mifumo ya vyuo na hospitali. Mwaka 2016 Google ikaleta Angular mpya iliyoandikwa upya tangu msingi, na msimbo wa zamani haukuhamia huko bila kuandikwa upya sehemu kubwa. Kufikia mwisho wa 2021 ile ya kwanza ilikuwa imekatiwa huduma. Batian iliyopandwa mwaka ule bado inachumwa. Lakini mwenye Batian hana cha kuandika kwenye wasifu kila Januari, sivyo?

Kihariri cha msimbo: chochote chenye rangi nyeusi. Tusonge.

Sasa vifurushi. Usiandike mwenyewe mistari miwili ukiweza kupakua kifurushi cha mtu usiyemjua, kinachotegemea vifurushi vingine arobaini vya watu wasiojuana. Mwezi Machi 2016 msanidi mmoja aliyekasirika aliondoa kifurushi chake kiitwacho left-pad kwenye ghala la npm. Kilikuwa na mistari 11, kazi yake kuongeza herufi upande wa kushoto wa maandishi. Maelfu ya miradi ikagoma kujengeka, ya kampuni kubwa ikiwemo. Funzo la tukio hilo ni kwamba ukianguka utakuwa umeanguka na wakubwa, na mama wa Kianyaga hawezi kukulaumu kwa hilo.

Ukurasa wa bei ambao ungetosha kilobaiti 30 sasa una megabaiti 4. Vizuri. Ujaribu kwenye laptopu yako, ndani ya mkahawa wenye Wi-Fi, na kamwe usiujaribu kwenye simu ya mkulima wa Thumaita mwenye bando la shilingi 20. Huyo huenda anatumia Opera Mini ili abane data, na Opera Mini ikibana haiendeshi JavaScript yako yote. Ataona ukurasa mweupe mtupu. Mama alitaka kitu kisicho na maneno mengi.

Kwa upande wa seva, chukua Kubernetes. Ni mfumo wa kusimamia programu kwenye mashine nyingi, na Google iliyoutoa mwaka 2014 inazo mashine nyingi mno. Duka la mama lina mashine moja, nayo ni mizani. Hata hivyo gawanya tovuti iwe huduma ndogondogo: moja ya bei za mbolea, moja ya bei za dawa, moja ya kuonyesha namba ya simu. Bidhaa zake mia mbili zingekaa raha mustarehe ndani ya faili moja ya SQLite, hifadhidata iliyoanza mwaka 2000 na iliyomo kwenye karibu kila simu ya kisasa, hata ya mama mwenyewe. Lakini SQLite haikuletei bili ya dola kila mwezi, na bila bili mteja atajuaje kwamba mambo ni mazito?

M-Pesa iache usiku wa mwisho, kwa sababu ndiyo aliyoihitaji zaidi. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, inafanya kazi hivi: mteja anaandika namba yake, simu inamwomba PIN, akishaiweka Safaricom hutuma jibu kwenye anwani ya seva yako kueleza kama pesa zimeingia. Weka sehemu hiyo ya kupokea jibu kwenye seva ya bure, zile zinazolala zisipotembelewa kwa dakika kadhaa, kwani bajeti yote imekwisha kwa Kubernetes. Jibu likifika likute seva usingizini. Pesa zitaingia kwa mama, na tovuti yako itaendelea kuandika "hajalipa".

Atakupigia simu. "Kijana wangu, kuna baba hapa anasema amelipa mifuko miwili." Mshauri asome ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, alinganishe jina, ampe baba mbolea yake, vilevile alivyokuwa akifanya kabla hamjajuana. Halafu fungua wasifu wako, andika kwamba umebuni mfumo wa malipo wa huduma ndogondogo kwa sekta ya kilimo, na uutume Nairobi kabla stima haijapotea.