Sifa za Tasnifu Isiyoisha

Hakuna aliyewahi kuisifu tasnifu iliyokwama. Waliomaliza husifiwa siku ya mahafali kwa vigelegele na mashada ya maua, na walioacha husifiwa, japo kwa kunong'ona, kwa kujua lini mtu aseme basi. Huyu wa katikati, aliyejisajili kusomea uzamivu wa historia, fasihi au sosholojia na sasa yuko mwaka wa saba, sura ya pili, hana lake ila pole. Anaonewa. Ukiitazama kwa makini shahada hii katika taaluma za sanaa na sayansi za jamii, utaona kwamba kinachomfunza mwanafunzi ni kule kuchelewa, na cheti kinachotolewa mwishoni ni stakabadhi tu ya muda uliolipwa.

Mwenye kusifiwa hutajwa kwanza ukoo wake. Shahada ya uzamivu kama tuijuavyo, yenye utafiti na tasnifu, ilikomaa Ujerumani katika karne ya 19, baada ya chuo kikuu cha Berlin kuanzishwa mwaka 1810. Marekani iliipokea mwaka 1861, pale Yale. Oxford, iliyokuwa ikifundisha tangu kabla ya Columbus kuzaliwa, haikuikubali mpaka mwaka 1917, na ulimwengu mzima ulikuwa vitani wakati huo. Chuo kikongwe kama hicho kilihitaji zaidi ya miaka 100 kuamua kama shahada hii inafaa. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeomba nyongeza ya muda kwa mara ya tatu hapaswi basi kuona haya, maana kuchelewa kumo katika damu ya shahada yenyewe.

Faida zake huanza mapema, kabla hata ya swali la kwanza la utafiti kuulizwa. Tanzania Bara, mtafiti hutoka chuoni na barua ya kumtambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa humwandikia barua nyingine ya kwenda wilayani au halmashauri, huko nako hupewa ya kwenda kwa mtendaji wa kata, na kata humwelekeza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ambaye siku hiyo yuko kwenye kikao. Akitaka kuvuka kwenda Zanzibar, kuna kibali kingine cha huko. Kenya kuna leseni ya tume ya taifa inayoshughulikia sayansi, kisha ofisi za kaunti. Wako wanaouita mlolongo huu usumbufu. Mimi nauita muhula wa kwanza. Anayetafiti utawala wa serikali za mitaa, akifika kijijini, ameshausoma utawala kuanzia juu mpaka chini, ameujua mhuri wa kila ngazi na benchi la kila ofisi, na akiwa mwaminifu angeweza kugeuka pale pale akarudi nyumbani kuandika. Mwanahistoria hufaidi zaidi. Mzee wa miaka 90 aliyekusudiwa kuhojiwa huenda akafariki barua ikiwa bado wilayani, na hapo utafiti hupata pengo la kweli, tofauti na yale tunayoyabuni kwenye mapendekezo ili kamati iridhike.

Kisha kuna msimamizi. Huyu hulaumiwa kuliko wote, na hulaumiwa bila haki. Ana madarasa ya shahada ya kwanza yenye mamia ya wanafunzi, ana mitihani ya kusahihisha, ana vikao, ana kazi ya ushauri elekezi inayomlipia karo ya watoto, na wakati wowote anaweza kuteuliwa kuwa balozi au katibu mkuu wa wizara, jina lake likasomwa kwenye taarifa ya habari kabla mwanafunzi wake hajaambiwa. Katika hali hiyo anakaa na sura miezi minane, kisha anairudisha ikiwa na neno moja pembeni, "fafanua", na mshale usioelekea popote. Mwanafunzi wa fasihi angelipia wapi somo bora la ufasiri? Hulichunguza neno lile kwa wiki kadhaa, akijiuliza kifafanuliwe nini, kwa nani, na kama mshale ule ni mshale au ni kalamu iliyoteleza. Wakati huohuo nadharia aliyoanza nayo huzeeka, mapitio ya maandiko huanza kuitwa ya zamani, na mtahini wa nje hudai vitabu vipya. Sura ya pili huandikwa upya. Kwa njia hiyo mtu huishi kuliko nadharia zake, jambo ambalo waasisi wengi wa nadharia hizo hawakujaliwa.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa wako waliomaliza haraka na dunia ikafaidika, na nitatajiwa Walter Rodney, aliyepata uzamivu wake wa historia London mwaka 1966 akiwa na miaka 24. Mfano huo ndio unaonipa ushindi. Tazameni alichokifanya na muda aliobakiwa nao. Alifundisha Dar es Salaam, akaenda Jamaika akaanza kuzungumza na watu wa mitaa ya mabanda kuhusu historia ya Afrika, na mwezi Oktoba 1968 serikali ya huko ikamzuia asirudi nchini. Kingston ikalipuka kwa maandamano na ghasia. Akarejea Dar es Salaam, na mwaka 1972 akatoa kitabu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, ambacho mpaka leo kinawasumbua watu. Laiti angekuwa bado anasubiri maoni ya sura ya pili, Kingston ingelala usingizi. Mtu wa miaka 24 mwenye elimu kamili, asiyedaiwa ada wala masahihisho, ni hatari kwa utulivu wa nchi. Mwenye miaka 47, mwenye mkopo wa Saccos na barua ya nyongeza ya muda isiyojibiwa, hajawahi kuitikisa serikali yoyote.

Wengine watasema Ngũgĩ wa Thiong'o aliondoka Leeds bila kumaliza hata shahada ya uzamili na badala yake akatoka na riwaya, A Grain of Wheat, iliyochapishwa mwaka 1967. Watasema pia kwamba Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni, aliandika vitabu zaidi ya 20 bila kuingia chuo kikuu chochote kama mwanafunzi, akafariki mwaka 1962. Sikatai. Ila ninyi mnaotoa mifano hiyo mnasahau kazi ya watu hawa katika mfumo wetu: wao hutoa malighafi. Euphrase Kezilahabi, kabla ya kupata uzamivu wake Wisconsin mwaka 1985, aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Wasingekuwapo wasiosoma uzamivu, sisi tungecheleweshwa na nini?

Hoja ya gharama haina uzito, kwa hiyo naipita upesi. Ni kweli ada ya mwaka wa ziada hulipwa na mwanafunzi mwenyewe, na ni kweli watu wa maabara hubebwa na miradi yenye fedha na ukomo, wakati wa sanaa hubebwa na mshahara wake na uvumilivu wa mwenzi wake. Lakini hesabuni na mapato. Tangu siku ya kujisajili, mtaani anaitwa Dokta, na majirani humletea watoto wenye homa. Kamati za harusi humsamehe mchango kwa kuwa "yuko kwenye masomo". Hakuna anayemuuliza atafanya nini maishani, kwa sababu jibu liko wazi: anamaliza.

Zipo mamlaka zilizojaribu kuiharibu neema hii. Mwaka 2014 tume inayosimamia vyuo vikuu Kenya iliweka kanuni kwamba anayetaka kuwa mhadhiri awe na uzamivu, na waliokuwa na uzamili tu wakapewa miaka mitano kuupata. Ungedhani nchi nzima ingekimbilia maktaba. Miaka ile ikapita, na wenye uzamili wakaendelea kuingia darasani na chaki zao kama kawaida. Hakuna aliyewapunguzia wasimamizi mizigo kwa kiasi kinacholingana na amri ile, wala aliyewapa wahadhiri hao likizo ya masomo yenye fedha ya kutosha. Ilitolewa tarehe tu, nayo tarehe haiandiki tasnifu.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi, kama ipo sura juu ya meza yako tangu mwaka jana, chini ya ile bahasha ya posho za semina, nakusihi usiiguse. Ukiisoma utaiona ni nzuri, ukiirudisha ataimaliza, na akimaliza atakuja kuomba kazi kwenye idara yenu.