Gia 21, Fundi Mmoja

Ukinunua baiskeli nyeusi ya kizamani, Raleigh ya Nottingham au Phoenix ya Shanghai, unapewa pamoja nayo kifaa kimoja kisichoandikwa kwenye risiti: fundi. Yupo chini ya mwembe karibu na njia panda, tairi bovu limetundikwa tawini ndilo bango lake, na duka lake zima ni sanduku la mbao, beseni la maji, pampu, tupa, gundi na kopo la goroli. Ukinunua baiskeli ya kisasa yenye gia 21, breki za diski na springi za mbele na nyuma, unapewa kijitabu cha maelezo kwa lugha nyingi, na Kiswahili hakimo. Wabishi wa vifaa vya baiskeli hubishania chuma na alumini, gia moja na gia nyingi, uzito na wepesi. Nadhani wanapima kisichopimwa. Swali la kuuliza ni moja: kifaa hiki kikikataa saa kumi na moja jioni, mbali na mji, nani atakifungua, na kwa spana namba ngapi?

Tazama mkono wa pedeli. Kwenye baiskeli ya kizamani umeshikwa na pini moja ya chuma iliyochongwa ubavu na kubanwa kwa nati. Kuitoa ni kazi ya nyundo, na hapo nyundo si ushamba. Pini ile ilitengenezwa igongwe. Ekseli inazungukia goroli zilizo huru, ambazo fundi anazimwaga kiganjani, anaziosha kwa mafuta ya taa, anazipaka grisi na kuzirudisha, na zikibaki mbili anazitia mfukoni bila kukutazama usoni. Tairi ni lile la inchi 28, hilohilo Tabora, hilohilo Kisumu. Sasa zimekuja 26, 27.5 na 29, na hesabu zimepinda. Rimu ya ile 28 nyeusi ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokaa. Ya 29 ya kisasa ina milimita 622. Naam, 29 ni ndogo kuliko 28. Mtu anayetoka Kariakoo na tairi la 29 kwa imani kwamba namba kubwa haiwezi kupwaya wala kubana, atafika nyumbani na tairi lisilopanda rimu hata likivutwa na ukoo mzima. Nalo duka dogo la spea, ambalo zamani lilijaza rafu kwa saizi moja na kulala usingizi, leo linatakiwa kuweka saizi zote hizo, kila moja na tyubu yake, huku mtaji ukilala rafuni ukisubiri mteja mmoja wa mwezi ujao.

Kwenye breki mambo ni magumu zaidi. Breki za mafuta za Shimano hutumia mafuta ya madini, na nyingi za SRAM hutumia mafuta ya breki ya aina ya DOT. Ukitia ya aina moja kwenye breki ya aina nyingine, mipira ya ndani inaharibika na breki inakufa. Maelezo haya ni sahihi na ni muhimu sana, lakini mwenye baiskeli yuko mbele ya duka la kijiji lenye mafuta ya aina mbili: ya kupikia na ya taa.

Halafu kuna hii inayoitwa baiskeli ya milimani. Haina keria, haina madigadi, haina stendi, haina kengele, na mnyororo wake uko wazi kabisa. Masika yakiingia, tairi la nyuma linachora mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kwenye kola, kwa usawa ambao fundi cherehani angeuonea wivu, na linachagua siku ya shati jeupe. Kanzu ya Ijumaa ikinaswa kwenye mnyororo, mwenyewe hufika msikitini na grisi, iwapo atafika. Abiria anakalishwa kwenye bomba la mbele, kengele inapigwa kwa mdomo, na baiskeli ikifika dukani inaegemezwa ukuta wa mtu aliyepaka chokaa jana. Wanaoijua milima hasa ni wabeba ndizi wa Burundi wanaoteremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, na hao wamepanda baiskeli nzito zenye keria za kutisha. Wakati wa kupanda, wengi wao hushika nyuma ya lori: njia ya kubadili gia ambayo hakuna kiwanda kilichoiombea hataza, na ambayo simshauri mtu anayependa kuona wajukuu.

Mpenda usasa atanijibu kwamba vifaa hivi vimethibitishwa na mabingwa. Ni kweli, basi twende kwa mabingwa. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Kanuni haziruhusu baiskeli hizo kuwa nyepesi kuliko kilo 6.8, na gia zao zinabadilishwa kwa umeme. Katika mbio za barabarani za wanaume, Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Wa pili alikuwa Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyelazimika kubadili baiskeli mara mbili baada ya kusumbuliwa na siti. Siti! Kitu ambacho fundi wa mwembeni anakinyanyua na kukikaza kwa spana moja huku akiendelea na hadithi yake. Evenepoel hakushindwa kuendelea, kwa sababu nyuma yake lilikuwapo gari lenye baiskeli za akiba juu ya paa na fundi ndani. Huo ndio ushahidi ninaoutaka: hata kileleni kabisa mwa usasa, hakuna anayethubutu kutoka bila fundi. Tofauti ni kwamba wao fundi wao anawafuata kwa gari, na sisi tunamfuata wetu tukisukuma.

Pingamizi lenye uzito ni la usalama, nami silikwepi. Breki za kizamani za fito, zinapokutana na rimu ya chuma iliyolowa, haziamrishi tena, zinaomba. Ndipo mguu unaposhuka na ndala kukandamizwa kwenye tairi, na ndala si kifaa kilichopimwa na maabara yoyote. Hapa sina la kuitetea Raleigh. Breki za waya na rimu za alumini ni bora, ni za kisasa, na nazitaka. Lakini angalia kwa nini zimekubalika vijijini: ni waya mmoja na vipande viwili vya mpira, fundi anazirekebisha kwa koleo, na waya wake unapatikana kwenye kibanda kinachouza pia sabuni. Zimefaulu kwa sababu zilipita mikononi mwake.

Wengine watasema fundi huyo si mtaalamu, ni mtu wa nyundo, na kwamba Nairobi, Dar es Salaam na Kigali yapo maduka madogo ya kitaalamu yenye stendi za kazi na watu wanaojua kuwa mnyororo wa gia 11 ni mwembamba kuliko wa gia 8. Yapo, na mwenye duka la namna hiyo, hasa akiwa yeye mwenyewe anaendesha, anastahili kila shilingi anayotoza. Anayekaa umbali wa kutembea kutoka kwake na anunue diski, kaboni na umeme wote anaoutaka. Nasema umbali wa kutembea makusudi, maana ndivyo atakavyofika.

Wala usasa si lazima uje na kiburi. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005, limesambaza Afrika baiskeli iitwayo Buffalo: nzito, keria yake inabeba kilo 100, na breki ya nyuma imefichwa ndani ya habu, mvua isikoifikia, ikifungwa kwa kukanyaga pedeli kinyume. Baadaye likaja toleo la gia mbili, lililosaidiwa kubuniwa na SRAM, kampuni ya Marekani hiyohiyo inayouza gia za umeme. Lina minyororo miwili na friwili mbili. Unarudisha pedeli nyuma kidogo, gia imebadilika. Hakuna waya wa kushika kutu, hakuna mkono wa gia unaoning'inia chini ukisubiri jiwe. Wahandisi wake walitumia akili nyingi sana kutengeneza kitu ambacho mtu mwenye spana mbili anaweza kukielewa, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kuongeza gia ya 22.

Imebaki hoja kwamba mafundi wajifunze, dunia isiwasubiri. Wanajifunza, ila somo wanalochagua ni lao. Baiskeli ya gia 21 inayokaa pwani, chumvi ikala waya zake na gia ikagoma katikati ya meno mawili, huishia mwembeni. Fundi anang'oa mkono wa gia wa nyuma, anakata mnyororo uwe mfupi, anabakiza gia moja ile ya katikati, anaipeleka kwa mchomeleaji aiwekee keria ya nondo, anafunga madigadi ya bati na kengele. Springi za nyuma anazikaza kwa kipande cha chuma ili zisinesenese chini ya gunia la mkaa. Vishikio vya kubadilishia gia, vyenye namba 1 hadi 3 kushoto na 1 hadi 7 kulia, anaviacha palepale kwenye usukani, kwa sababu mteja aliulizia bei yake na kuilipa.