Embe la Tatu kwenye Foleni

Tangu muuguzi wa zahanati amwambie apunguze chumvi na sukari kwa sababu ya presha, baba mkubwa haingii duka lolote hapa Ngulyati bila miwani. Mtu aliyeuza pamba miaka nenda rudi, akabishana na makarani wa mizani mpaka jua likazama, hatishwi na maandishi madogo.

Juzi alishika chupa ya kinywaji cha embe. Mbele kuna embe nono, linachuruzika. Akaigeuza. "Nisomee." Nikasoma viambato: maji, sukari, ndipo embe. Nikamweleza kwamba hupangwa kwa uzito, kilicho kingi hutangulia.

"Kumbe embe ni la tatu kwenye foleni, ila kwenye picha limejipanga la kwanza!"

Mwenye duka akakohoa.

Ikaja zamu ya sukari: gramu 11. "Hiyo kidogo tu, mzee," mwenye duka akawahi. Baba mkubwa akaweka kidole juu ya jedwali: kwa kila mililita 100. Chupa ina 500. "Ng'wanone, zidisha kwa tano." Gramu 55. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4, kwa hiyo ni vijiko karibu 14. "Na mimi nyumbani nanyimwa cha tatu!"

Biskuti nazo zilijitetea kwa kipimo cha mlo: biskuti mbili. "Nani hula mbili?" akauliza. Waliosubiri nyuma yetu wakaangua kicheko, isipokuwa mtoto aliyetumwa kiberiti, aliyetaka kujua kama tunanunua au tunafunga hesabu za mwaka.

Kwenye tambi za pakiti alitafuta chumvi, hakuiona, akafurahi. Nikamwonesha sodiamu: miligramu 800 kwa pakiti. Zidisha kwa 2.5, unapata gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 5 kwa siku nzima. "Imebadilisha jina kama mwizi wa ng'ombe!"

Tukaondoka na michembe ya viazi vitamu, isiyo na lebo wala picha.

Usiku, kabla hata hajaonja mboga ya nsansa, baba mkubwa akachota chumvi koponi, akanyunyiza, akarudia. Nilipomtazama, akaligeuza kopo huku na huku. "Hili halijaandikwa kitu," akasema, akamega ugali.

Asubuhi kopo lilikuwa limebandikwa karatasi ya daftari, mwandiko wa mama mkubwa: "Kwa mlo: ncha ya kidole. Ukizidisha, pika mwenyewe."